Painiti: Jirani wa Rubi Asiye Rubi

Msikilizaji, tuanze na mizani. Chukua rubi safi, uipime hewani, kisha uining'inize kwa uzi na kuipima tena ikiwa imezama majini. Ukipiga hesabu utapata kwamba rubi ina uzito mara 4.00 kuliko maji ya ujazo uleule. Sasa chukua painiti, ufanye vivyo hivyo. Jibu: 4.01. Kiputo kimoja cha hewa kilichonata ubavuni mwa jiwe kinatosha kuimeza tofauti hiyo.

Na si uzito peke yake. Rubi na painiti zote mbili ni nyekundu, na zote zinapata wekundu huo kwa chembe za kromiamu, ingawa painiti huongezewa na vanadiamu. Zote huota kama fuwele zenye mpangilio wa pembe sita. Tena zote hupatikana katika bonde moja, bonde la Mogok, kaskazini mwa jiji la Mandalay nchini Myanmar, nchi ambayo askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliopelekwa huko kupigana na Wajapani mwaka 1944 waliijua kwa jina la Burma. Ugumu ndio unaopishana kidogo: kwenye kipimo cha Mohs rubi ina 9, painiti ina 8, sawa na topazi. Lakini hakuna mwenye jiwe la thamani anayekubali lichanwechanwe ili ajue jina lake.

Kwa hiyo ni jambo la kueleweka kwamba madini haya yalichelewa kupata jina. Kinachoshangaza ni urefu wa muda wenyewe. Mogok imechimbwa rubi kwa karne nyingi. Wafalme wa Burma waliichimba, kisha Waingereza walipoitwaa Burma ya Juu wakaleta kampuni yao ya rubi, ambayo ilianza kazi mwaka 1889 na mitambo ya kuosha changarawe. Changarawe hiyo yenye vito wenyeji huiita byon. Hata baada ya kampuni kuosha na kuchambua, walibaki wanawake wa Mogok ambao kwa desturi ya mahali waliruhusiwa kupekua mabaki, na hadi leo wapo, wanaitwa kanase. Huketi kando ya mfereji, kiganja kimejaa kokoto zilizolowa, wakitenga chembe nyekundu moja baada ya nyingine. Msikilizaji wa machimbo ya Mirerani hahitaji kuelezwa zaidi, maana anawajua wanawake wanaochekecha udongo uliokwisha kutupwa na wenye mashimo. Macho yote hayo, na vizazi vyote hivyo, lakini painiti ikapita katikati ya vidole bila kuitwa kwa jina lake.

Aliyeinasa ni Mwingereza Arthur Charles Davy Pain, mkusanyaji na mfanyabiashara wa vito. Mapema katika miaka ya 1950 alipata fuwele moja ya rangi nyekundu iliyokolea, iliyotoka kijiji cha Ohngaing, eneo hilohilo la Mogok. Ilikuwa na uzito usiofika gramu mbili. Mwaka 1954 akaikabidhi kwa Makumbusho ya Uingereza jijini London, na hapo ndipo kazi ya kuihoji ilipoanza. Wataalamu wa madini wa makumbusho, Claringbull na Hey, walishirikiana na mpimaji wa vito wa jijini humo aliyeitwa Payne. Mwaka 1957 wakatangaza madini mapya, wakayaita kwa jina la mtoaji. Wasomaji wa Kiingereza wamekuwa wakichanganya majina hayo mawili tangu siku hiyo: Pain ndiye aliyetoa jiwe, Payne ndiye aliyelipima.

Utambulisho huo wa kwanza ulikuwa sahihi kwa jambo kubwa, kwamba hili ni jiwe jipya, lakini haukuwa kamili. Fuwele ilikuwa moja tu na hakuna aliyetaka kuisaga yote kwa ajili ya maabara. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1976, pale Paul Moore na Takaharu Araki walipolichunguza kwa eksirei na kuona jinsi atomu zilivyopangwa ndani. Wakakuta zirkoniamu, elementi ambayo uchambuzi wa mwanzo ulikuwa umeipita. Fomula ikasimama hivi: kalisi moja, zirkoniamu moja, alumini tisa, boroni moja na oksijeni kumi na nane.

Ukisikia orodha hiyo, simama kwenye mawili: zirkoniamu na boroni. Hapo ndipo penye siri ya uhaba wa painiti.

Boroni ni elementi nyepesi, na ni chache katika ulimwengu mzima, si katika dunia yetu peke yake. Elementi nyingi tunazozijua zilipikwa ndani ya nyota. Boroni haikupata bahati hiyo, kwa sababu joto la ndani ya nyota huiharibu. Sehemu kubwa ya boroni iliyopo ilitokana na miale ya kasi ya angani inayogonga atomu nzito zaidi na kuzivunja vipande. Ikifika ardhini, boroni hupenda maji. Huyeyuka, husafiri na vimiminika vya moto chini ya miamba, huishia baharini au kwenye maziwa ya jangwani yaliyokauka. Zirkoniamu ni kinyume chake kabisa. Haiyeyuki kwa urahisi, haisafiri mbali, na mara nyingi hufungwa ndani ya punje za zirkoni ambazo hukaa miaka bilioni bila kuachia kitu. Moja ni msafiri, nyingine haibanduki nyumbani. Ili zikutane ndani ya fuwele moja panahitajika mazingira ya ajabu kidogo. Huko Mogok yalipatikana pale miamba ya jamii ya graniti ilipopenya kwenye marumaru ikiwa bado ya moto. Marumaru ikatoa kalisi, vimiminika vikaleta boroni, na kwenye mpaka wa miamba hiyo miwili likazaliwa jiwe lenye vyote.

Kwa jumla, jamii ya borati, yaani madini ambayo boroni imeshikana na oksijeni, si jamii ya vito hata kidogo. Inayojulikana zaidi ni boraksi, ule unga mweupe ambao sonara huunyunyiza anapolehemu dhahabu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania nao wamewahi kufundishwa kuitumia boraksi wakati wa kuyeyusha, ili waachane na zebaki. Boraksi huchanika kwa ukucha au karibu na hapo, na ukiiweka kwenye maji inayeyuka. Hakuna anayeweza kuvaa pete ya boraksi akanawa mikono. Uturuki ina hazina kubwa kuliko nchi yoyote ya madini ya aina hii, na nyingi huenda kwenye vioo, sabuni na mbolea. Katika ukoo huo laini ndimo zilimotokea borati chache ngumu zinazoweza kukatwa na kung'arishwa, na kati ya hizo chache painiti ndiyo iliyopata sifa kuliko wenzake.

Turudi mezani kwa mpimaji, kwa sababu hapa ndipo painiti inapoonyesha ujanja wake.

Chombo cha kwanza ni refraktomita, kile kisanduku kidogo cha kusoma jinsi mwanga unavyopinda unapoingia ndani ya jiwe. Rubi husoma kati ya 1.762 na 1.770. Painiti husoma 1.787 na 1.816. Tofauti inaonekana kubwa, na kweli ni kubwa, ila kuna mtego. Refraktomita ya kawaida hutumia tone la kimiminika ambacho ukomo wake ni karibu 1.81. Kile kipimo cha juu cha painiti kinaangukia ukingoni au nje kabisa. Mpimaji anaweza kuona kivuli kimoja tu, pale kwenye 1.79, akadhani jiwe lina kipimo kimoja. Sasa jiumlishie: jiwe jekundu lililoiva, kipimo kimoja cha 1.79, uzito karibu mara nne ya maji. Mtu yeyote aliyesomea vito atajibu bila kusita kwamba hiyo ni garneti ya aina ya almandini, na ataiweka kwenye bakuli la garneti. Amekosea, na hesabu yake yote ni sahihi.

Kinachomwokoa ni kugeuza jiwe. Garneti haina rangi mbili. Popote utakapoitazama, ni ileile. Painiti inabadilika. Upande mmoja hutoa wekundu wa rubi, upande mwingine rangi ya chungwa iliyofifia yenye udhurungi. Kuna kijichombo kinachoitwa daikroskopu, si kikubwa kuliko kidole, ambacho huonyesha rangi hizo mbili zikiwa zimekaa bega kwa bega. Kwa sababu hiyohiyo mkataji wa painiti hana uhuru wa kukata anavyotaka. Akielekeza uso wa jiwe upande usiofaa, anapata kito cha rangi ya kahawia badala ya kito chekundu, na hawezi kurudisha kilichokwisha kusagwa.

Njia nyingine ni lupu ya kawaida ya kukuza mara kumi, ile ambayo kila broka anayo mfukoni. Tazama kupitia uso wa juu wa jiwe lililokatwa, uangalie mistari ya kingo za nyuma. Painiti huugawa mwanga mara mbili kwa nguvu zaidi ya mara tatu ya rubi: tofauti ya vipimo vyake ni 0.029, ya rubi ni 0.008. Katika jiwe lenye ukubwa wa kutosha, mstari mmoja wa nyuma utauona kama mistari miwili iliyokaribiana. Katika rubi ni vigumu kuuona mgawanyiko huo, na katika garneti haupo.

Kwa muda wa karibu nusu karne baada ya zawadi ya Pain, fuwele za painiti zilizojulikana duniani zote zingeweza kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Mwaka 2005 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitaja kuwa madini ya kito adimu kuliko yote. Na ni katika miaka hiyohiyo ambapo mambo yaligeuka. Kuanzia mwaka 2001 fuwele nyingine zilianza kutambuliwa, kisha vyanzo vyenyewe vikapatikana huko Mogok, katika maeneo ya Wetloo na Thurein-taung, painiti ikiwa bado imeshikana na mwamba wake. Fuwele na vipande vikazidi elfu moja.

Ni vizuri kuelewa nini kilichotokea hapo. Ardhi ya Mogok haikuongeza chochote. Kilichoongezeka ni watu waliojua wanatafuta nini. Zamani mchimbaji aliyeokota jiwe la udhurungi mwekundu, lenye giza na nyufa, aliliona kama rubi mbovu au kama takataka. Wanunuzi walipoanza kuuliza jiwe la namna hiyo na kulilipia, likawa na jina, na lilipokuwa na jina likaanza kuonekana. Uhaba wa painiti kwa hiyo ulikuwa na sehemu mbili: uhaba wa kweli wa kijiolojia, ambao bado upo, na uhaba wa macho yaliyofunzwa, ambao uliondoka ndani ya miaka michache.

Lakini elfu moja isikudanganye. Nyingi ya fuwele hizo ni nyeusi-nyeusi, zimepasukapasuka, mwanga haupiti. Painiti safi inayofaa kukatwa ni chache mno, na zikikatwa, mara nyingi hazifiki karati moja. Wanaozinunua ni wakusanyaji na makumbusho. Sonara hawezi kujenga biashara ya pete kwa jiwe ambalo hana uhakika wa kupata la pili linalofanana nalo.

Bei? Ukiingia mtandaoni utakutana na dola 50,000 au hata 60,000 kwa karati moja. Tarakimu hizo hunakiliwa kutoka orodha moja hadi nyingine ya "vito ghali kuliko vyote duniani", na karibu kila mara hazisemi ni jiwe la ubora gani. Painiti yenye giza huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Orodha kama hizo zimewatia wengi tamaa na hazijamsaidia yeyote kujua thamani ya jiwe alilo nalo mkononi.

Na kuna suala la mahali linapotoka. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 2021, Marekani iliiwekea vikwazo kampuni ya vito ya serikali ya Myanmar. Julai 2024 mji wenyewe wa Mogok ulitekwa na jeshi la waasi wa kabila la Ta'ang. Anayenunua painiti leo ana haki ya kuuliza fedha yake inaishia kwa nani, na muuzaji mwaminifu hatakasirika akiulizwa.

Painiti si borati ya kwanza kujificha nyuma ya jina la mwingine. Wataalamu walewale wa London, Claringbull na Hey, walikuwa wameshafumbua fumbo la namna hiyo miaka mitano kabla. Kutoka Sri Lanka yalikuwa yakija mawe ya rangi ya kahawia na dhahabu yaliyouzwa kama peridoti ya kahawia. Yalikuwa mazito kidogo kuliko peridoti ya kawaida, 3.48 dhidi ya 3.34, lakini ilikuwa rahisi kudhani chuma kimezidi ndani yake. Mwaka 1952 ikathibitika kwamba si peridoti kabisa. Ni borati ya magnesiamu na alumini, ikapewa jina la sinhaliti kutokana na jina la kale la kisiwa hicho. Ndani yake atomu zimejipanga kama za peridoti, isipokuwa boroni imekaa mahali pa silikoni. Mawe mengi yaliyokuwa makabatini mwa makumbusho na madukani yakabadilishiwa kibandiko. Sinhaliti imepatikana hata Tanzania, kwa hiyo habari hii si ya mbali kama inavyosikika.

Afrika ina borati nyingine ya fahari, jeremejeviti, iliyoelezwa kwanza mwaka 1883 kutokana na mawe ya Siberia na kupewa jina la mtaalamu Mrusi wa madini. Huko Siberia haikuwa na mvuto sana. Katika miaka ya 1970 pwani ya Namibia ikatoa fuwele ndefu nyembamba za buluu ya anga, na baadaye nyingine zikapatikana katika milima ya Erongo nchini humohumo. Katika utafiti wao wa 1976, Moore na Araki walionyesha kwamba muundo wa painiti una undugu na wa jeremejeviti. Ukiziweka pamoja, moja nyekundu ya udhurungi na moja buluu, huwezi kuotea undugu huo.

Hapa kwetu, tanzanaiti ilipoibuka mwaka 1967 wapo walioidhani yakuti ya buluu kabla haijatambuliwa kuwa zoisiti. Na rubi na spineli za Mahenge na Morogoro hutoka kwenye marumaru, mwamba wa jamii ileile inayozaa vito vya Mogok. Hilo halimaanishi kwamba painiti ipo Mahenge, na atakayekuambia ipo mwombe cheti. Linamaanisha tu kwamba mchimbaji au broka wa huku anashika mawe mengi mekundu na ya kahawia kwa siku, na baadhi yake hayatasoma kama inavyotarajiwa.

Basi, ndugu msikilizaji unayefanya biashara hii: jiwe likikataa kusoma vizuri, usilitupe kwenye bakuli la garneti na usililazimishe jina la rubi. Liweke kwenye bahasha yake, andika shimo au kijiji lilikotoka na tarehe, kisha ulipeleke kwa wapimaji, kama vile Kituo cha Jemolojia Tanzania pale Arusha, kabla hujapatana bei na mtu yeyote. Gharama ya kupimisha jiwe ni ndogo kuliko hasara ya kuuza usichokijua.